Ushahidi 114

Mikumi
6 Juni 1994

Mpendwa Dada Paulina,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na mguu ule umepona. Sisi hapa hatujambo, mke wangu Odilia anakusalimu sana.

Dada, chupa iliyofungwa kwenye gazeti usiifungue mbele za watu. Nje imeandikwa dawa ya kikohozi, lakini ndani si dawa. Soma kwanza mpaka mwisho, ndipo unikasirikie.

Ulisikia kwamba hoteli yetu ilikuwa inauzwa. Imeshauzwa. Serikali imetoka, ameingia mtu binafsi, Bwana Melkizedek, Mtanzania mwenzetu, aliyekaa Marekani miaka kumi na moja kwenye jimbo linaloitwa Kentaki. Ana maneno machache na anatembea haraka. Siku ya kwanza aliwaondoa nusu ya watu wa jikoni. Siku ya pili akaja baa. Baa tupo wawili, mimi na Jovin, yule Mhaya niliyekusimulia, mwenye vichekesho. Bwana Melkizedek amesema atabaki mmoja.

Namna atakavyochagua ndiyo inayoninyima usingizi. Amekuja na kasha la wiski ya huko Kentaki, wanaiita baboni. Inapikwa kwa mahindi, lakini hii yake imetiwa ngano badala ya nafaka nyingine ya kwao ambayo sisi hatuna. Inalazwa miaka kadhaa kwenye pipa la mti lililochomwa ndani mpaka likawa mkaa. Anasema siku hizi watu wa Dar wanakuja mbugani na magari yao wenyewe, na wakiuliza kinywaji fulani kikoje, wanajibiwa "kizuri" au "kikali". Kuanzia sasa neno "kizuri" ni marufuku kwenye baa yake. Anataka mtu wa kuionja na kuieleza kwa Kiswahili, inanukia nini, inaingiaje, inashukaje, inaacha nini, mpaka mgeni aijue kabla hajaishika glasi. Ametupimia kila mmoja glasi moja na kutupa hadi tarehe ishirini na mbili.

Kwenye lebo pameandikwa kwamba ina ushahidi 114. Neno lenyewe ni la Kiingereza, proof, nikalitafuta kwenye kamusi ya ofisini, na kamusi inasema ni ushahidi. Ushahidi wa nini, sijui. Jovin anasema namba ikiwa kubwa hivyo, andika wosia kwanza.

Sasa dada, unajua mimi nimeokoka, huu ni mwaka wa pili. Nilisimama kanisani nikatoa ushahidi kwamba Bwana ameniondolea hamu ya pombe. Siwezi kuonja. Na nisipoonja ndiyo basi, nitarudi nyumbani na godoro kichwani. Nikakufikiria wewe. Ulimi wa mama uliurithi wewe. Nakumbuka alipokuwa anapika moshi, gongo yake ile, alikuwa anakuita uonje kabla hajaujaza kwenye chupa, na ukisema "bado", anarudisha kuni. Moshi ule ndio ulionisomesha mpaka darasa la saba. Onja kidogo tu, uniandikie. Ukimaliza choma barua hii.

Ni mimi mdogo wako,
Kornelio


Munisagara
15 Juni 1994

Kwako Kornelio,

Marahaba. Mguu umepona, maumivu yamehamia kiunoni.

Barua yako sijaichoma. Nimeiweka kwenye Biblia, pale kwa Anania na Safira, ili nikifa watu waone wewe ulikuwa mtu wa namna gani. Yaani wewe umeokoka, mimi je? Umesahau kwamba mimi ni mwenyekiti wa Umoja wa Akina Mama hapa? Wewe hutaki kutia hata kidole topeni, ila dada yako aingie mzima, nawe umsubiri ukingoni na Biblia kwapani. Nilikasirika siku mbili. Chupa niliificha nyuma ya kihenge, lakini kila nikipita nilikuwa najua iko pale. Siku ya tatu nikaona heri nimalize kazi yako nipumzike.

Tuanze na huo ushahidi. Nimecheka peke yangu. Kwetu mtu mmoja tu akisimama kutoa ushahidi, jua linahama dirisha. Wakiwa mia na kumi na nne tutatoka kanisani Jumapili nyingine. Lakini nilipokuwa natafuta kijiko nikamkumbuka mama. Mnunuzi akimwambia moshi wako umetiwa maji, mama alikuwa habishani naye. Alikuwa anamimina kijiko kimoja kwenye sahani ya bati, anawasha kiberiti. Ukiwaka buluu na kuacha unyevu kidogo tu, anasema, "Haya, shahidi ameongea." Basi ndugu yangu namba yako ni hiyo, ni ukali wa pombe, na shahidi wake ni moto. Nimewasha kijiko kimoja cha wiski yako na imewaka buluu, nikaiona hata kwenye mwanga wa mchana. Moshi wa mama ungeiamkia.

Sasa shika kalamu, au shika akili.

Ukiinusa kwa mbali ni mahindi ya kuchoma, yamesahauliwa kidogo upande mmoja. Ukisogea ni sukari guru, halafu ubao wa mninga uliorandwa leo. Kisha, na hili limenishangaza, ni mkate. Si mkate wa dukani. Ni ule wa misheni, tulipokuwa tunapita nyuma ya jiko lao tukienda shule na tanuru limefunguliwa. Nadhani hiyo ndiyo ngano yako. Na juu ya yote kuna mkaratusi mkali, unapanda puani kama umepakwa dawa ya kifua.

Mdomoni haiumi mbele. Namba yako ilikuwa imenitia hofu, nikajiandaa kuungua, lakini inaingia kama uji uliokorogwa vizuri, mpaka unasema kumbe si kitu. Halafu inageuka. Moto unaanzia katikati ya ulimi, unashuka kifuani taratibu na kukaa hapo. Ladha ni ukoko wa wali, ule wa pembeni tuliokuwa tunaugombania, pamoja na asali ya porini ambayo haijachujwa nta. Mwisho unabaki na uchungu kidogo wa ganda la mti, nao unakaa mdomoni muda wa kutoka hapa kwangu hadi kisimani.

Nilitema kwenye mgomba. Usiniombe tena.

Dada yako,
Paulina


Mikumi
24 Juni 1994

Dada yangu,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimesimama, maana nikikaa miguu inacheza yenyewe.

Tulisikilizwa juzi. Alianza Jovin. Alikuwa ameambiwa aeleze wiski ya ngano, naye sijui alisikia nini au alijifanya tu, akaanza na "hapo kale palikuwa na sungura". Akatunga ngano nzima, sungura anaiba pipa la simba. Bwana Melkizedek alicheka, mara ya kwanza nimeona meno yake, kisha akamwuliza, "Na ladha?" Jovin akasema, "Ladha kwa kweli sijui kuieleza, mzee." Akakaa.

Nikasimama mimi. Dada, nilisema maneno yako yote bila kukosea hata moja. Kwenye mahindi alitikisa kichwa kukubali. Kwenye mkate wa misheni alifumba macho, na ukoko ulipofika akasema kwa sauti ndogo, "Endelea." Nilijua nimeshabaki kazini. Nikamalizia na mkaratusi.

Akafumbua macho. Akainusa glasi yake, akainusa tena. Akampa Jovin, na Jovin akasema hapana, mkaratusi haumo. Akaninyooshea mimi, nami nikanusa nikasema, "Upo kwa mbali."

Uamuzi umeahirishwa. Tarehe 16 Julai watakuja wageni wake kutoka Dar. Zitawekwa glasi tatu zisizo na majina, na moja ndiyo hii ya ngano. Kila mmoja wetu aitambue, aieleze mbele ya wageni, na papo hapo atatangaza nani anabaki. Sasa dada, mkaratusi uliutoa wapi? Ulikuwa unanitania? Neno moja limeniharibia yote.

Kornelio


Munisagara
1 Julai 1994

Kornelio,

Marahaba. Sikukutania. Niliandika nilichonusa.

Baada ya barua yako nilikwenda nikaichukua ile chupa, nikainusa mdomo wake na kizibo chake. Mkaratusi ni wa dawa ya kikohozi. Hukuisuuza chupa, ndiyo sababu. Mimi huku nilidhani ndivyo Wamarekani wanavyoipika.

Hilo lingekuwa kosa dogo la kucheka. Lakini sijacheka, maana dawa ile inanuka mpaka mkuu wa stesheni alipoupokea mzigo aliniuliza nani anaumwa kifua. Wewe uliimimina kwa mkono wako, ukaifunga, na hukusikia kitu. Kisha umepewa glasi isiyo na mkaratusi, umeiweka puani, ukasema upo kwa mbali.

Tena nimekumbuka Pasaka ulipokuja kwangu. Ulikaa na gazeti hatua mbili kutoka jikoni, na maharage yakaungua mpaka jirani akaja kuuliza. Nikasema moyoni, huyu ana mawazo ya kazi. Nikakupakulia sehemu iliyoungua ukala na kusifia.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Pua yako iko wapi, na tangu lini? Na usinijibu habari za wokovu.

Paulina


Mikumi
5 Julai 1994

Dada,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nyuma ya stoo, nikalia kama mtoto. Nilikuwa sijui kama kulia kumo ndani yangu.

Ni tangu ajali ya basi, Oktoba mwaka wa tisini na mbili. Niliwaambia nyote kwamba niliumia kidogo kisogoni, na kidonda kilipona kweli. Lakini nilipoamka hospitali nikaletewa chai, nikadhani wameleta maji ya moto. Tangu siku ile sinusi kitu. Chumvi nasikia, sukari nasikia, pilipili inaniwasha, lakini nyama na mchicha kwangu ni kitu kimoja. Binti yetu alizaliwa baada ya hapo. Watu wanasema kichwa cha mtoto mchanga kina harufu yake. Mimi nimembeba mwaka mzima na sijui.

Odilia sijamwambia. Kila chakula namwambia ni kitamu. Ananitazama na mwiko mkononi akisubiri niseme, nami nasema.

Na wokovu. Mtu wa baa kila mara anaambiwa onja hii, imechacha? onja ile, imetiwa maji? Lakini aliyeokoka haambiwi. Basi nikaokoka. Nilisimama mbele ya kanisa zima nikasema Bwana ameniondolea hamu, kumbe aliyeniondolea ni dereva wa basi. Ndiyo maana neno lile la kwenye lebo liliponitokea nilihisi mtu ananidai. Nimekuwa nikitoa ushahidi wa uongo miaka miwili, kanisani na mezani kwangu.

Lakini hii kazi, dada, ndiyo pekee ninayoijua. Nisaidie mara moja tu. Nimekuletea nyingine kidogo, niliyobakiza kwenye glasi niliyopimiwa, na chupa ni ya dawa kama ile ila nimeisuuza kwa maji ya moto mara tatu. Hakikisha maneno. Na hizo glasi tatu nitazitofautishaje mimi nisiye na pua?

Kornelio


Munisagara
9 Julai 1994

Mdogo wangu,

Marahaba, na pole. Pole sana. Ningekuwa karibu ningekupiga kibao kwanza ndipo nikukumbatie.

Chupa imefika. Mkaratusi hakuna. Mengine yote yamebaki palepale, ila mkate umejitokeza zaidi, na nyuma yake kuna kitu kama zabibu kavu za Dodoma. Waongezee hiyo.

Kuhusu glasi, nisikilize. Mama miaka ya mwisho alikuwa na mafua yasiyokwisha, na bado, akinunua wa wenzake, hakuna aliyemwuzia moshi wenye maji. Kuna mambo hayahitaji pua. Kwanza tikisa glasi, utazame vipovu. Kinywaji chenye maji mengi vipovu vyake vidogo na vinakufa haraka. Chenye nguvu vinakuwa vikubwa kama shanga na vinakaa. Pili, izungushe kwenye kioo utazame inavyotelemka. Nzito inajivuta. Tatu, moto, kijiko kimoja, ukiruhusiwa. Nne, mdomo wako bado una ngozi. Wewe mwenyewe umesema pilipili inakuwasha. Basi usitafute ladha, tafuta mahali inapoumia. Nyingine zitakuuma kwenye ncha ya ulimi mara moja, kama pilipili manga. Hii ya ngano itakuacha mbele, itakushika katikati na kukaa kifuani. Ndiyo hiyo. Onja, sasa huna wokovu wa kuuharibu.

Na mwambie mkeo.

Dada yako,
Paulina


Munisagara
14 Julai 1994

Kornelio,

Kuna jambo sikukuandikia juzi. Sikuwa na ujasiri. Wewe umesema yako, nami nitakuwa mwongo nikinyamaza.

Mwaka ule wa themanini na sita, shemeji yako Simoni alipofariki, niliwaambia nina homa ya matumbo na msije. Haikuwa homa. Nilikuwa nakunywa. Nilianza na chupa alizoziacha mama chini ya kitanda, zilipokwisha nikatafuta za watu. Mwaka mzima. Aliyeniokota ni Agnesi, katibu wangu wa Umoja, wakati ule jirani tu. Alilala mlangoni kwangu siku tisa. Tangu hapo sikugusa, miaka saba. Wewe ulidhani niliacha kwa ajili ya kanisa.

Chupa ya kwanza nilitema, nilikuambia kweli. Hii ya pili sikutema. Nilionja kwa ajili yako, nikaandika, barua nikaipeleka stesheni, kisha nikarudi nikaimaliza bila sababu yoyote. Juzi Agnesi alikuja akanusa pumzi yangu akiwa bado mlangoni. Nikamwambia ni dawa ya kikohozi, na chupa ilikuwa pale mezani na karatasi yake. Akaisoma. Akanipa pole, jioni akaniletea asali na limau. Nimeila asali yake, Kornelio.

Usiniletee tena hata tone. Hata kuyaandika yale maneno ya mkate na ukoko kunanitia kiu. Nafagia uwanja mara tatu kwa siku nisikae.

Paulina


Mikumi
17 Julai 1994

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Nina mengi, na basi la Kilosa linanipigia honi, kwa hiyo nitaandika ovyo.

Jana ilikuwa. Wageni kumi na wawili, glasi tatu juu ya kitambaa cheupe. Nilifanya ulivyoniambia. Nilitikisa, nikatazama shanga. Mbili zilikuwa na shanga kubwa, ya tatu nikaiweka kando. Nikaomba kijiko na kiberiti, watu wakasogeza viti, zote mbili zikawaka buluu. Basi nikaonja. Ya kwanza iliniuma ncha ya ulimi papo hapo. Ya pili ikaniacha, ikaniacha, halafu ikanishika kifuani. Dada, miaka miwili sijakijua kitu chochote kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikasema, "Ni hii." Bwana Melkizedek akapiga makofi. Jovin alikuwa ameshaikosea.

Kisha mama mmoja wa Dar, mtu mzima, akanisogezea glasi yake akasema, "Mimi nasikia kama mkate, mwanangu, au najidanganya? Nusa uniambie." Maneno yako yote yalikuwa mdomoni tayari, na zabibu za Dodoma. Lakini alikuwa ananitazama vilevile Odilia anavyonitazama na mwiko. Nikasema, "Mama, sijui. Sinusi tangu nilipopata ajali. Yale niliyoyasema mwezi uliopita ni ya dada yangu, yuko Munisagara."

Nilidhani nitafukuzwa palepale. Bwana Melkizedek aliniita ofisini leo asubuhi. Akasema, "Wewe kazi hii huiwezi. Dada yako anaiweza." Anakutaka wewe, dada. Uje Mikumi, upewe chumba, uonje kila chupa iliyoko hapa na uipatie maneno. Ukikubali, mimi nabaki kuwa msaidizi wako. Ukikataa, Jovin anabaki peke yake. Barua yake iko humu ndani. Na kukuonyesha heshima amekuletea chupa nzima ya ile ya ngano, haijafunguliwa. Nimempa kondakta aikabidhi stesheni ya Kilosa, wataipandisha treni.

Dada, tutakuwa pamoja. Nakuomba ukubali.

Kornelio


Mikumi
20 Julai 1994

Dada,

Barua yako ya tarehe 14 imenifikia leo. Ilipishana na ile chupa njiani.

Usiifungue. Nakuomba, usiifungue. Mwaga, vunja, mpe mkuu wa stesheni. Nimekwenda kituo cha basi mara mbili kuuliza kama mzigo bado uko Kilosa, wanasema umeshapanda treni. Nimeomba ruhusa nije, nimekataliwa mpaka mwisho wa mwezi. Kazi niache nije? Sema neno moja nitaacha.

Ni mimi niliyekutia kwenye haya. Nilikwambia una ulimi wa mama, sikujua nilikuwa nakukumbusha nini. Mpe Agnesi hii barua aisome kama huwezi kumwambia.

Kornelio


Munisagara
29 Julai 1994

Mdogo wangu Kornelio,

Marahaba. Najua umekaa roho juu siku hizi zote. Nisamehe, sikutaka kukuandikia kabla sijajua nitaandika nini.

Chupa ililetwa Ijumaa na mkuu wa stesheni mwenyewe, ameibeba kwa mikono miwili. Niliiweka mezani nikakaa mbele yake. Ni nzuri, Kornelio. Neno hilo bosi wako amelikataza lakini ndilo lenyewe, rangi yake ni ya chai ya rangi iliyokolea, ikipigwa na jua. Nilikaa nayo Ijumaa yote na Jumamosi yote. Sikuifungua, na sikufanya kitu kingine chochote. Kuku hawakulishwa. Nilisoma barua ya Bwana Melkizedek mpaka nikaijua kwa moyo. Nilikuwa najiambia, ni kazi, ni heshima, ni kumsaidia mdogo wako. Kila sababu ilikuwa nzuri, na kila sababu iliishia kwenye kizibo.

Jumapili baada ya ibada barua yako ya tarehe 20 ikafika. Nikampelekea Agnesi, pamoja na chupa na zile barua zako nyingine, nikasimama pale anaposoma. Alipomaliza alizikunja barua. Nikadhani atasema habari ya asali yake. Akasema, "Lete sahani."

Tuliichoma yote, Kornelio, pale uwanjani kwangu, mchana kweupe, sahani baada ya sahani. Mimi nilikuwa namimina na yeye ndiye mwenye kiberiti. Wanawake wa Umoja waliokuwa wanapita waliuliza tunapika nini, Agnesi akawajibu, "Kaeni msikilize, mwenyekiti anatoa ushahidi." Wakakaa. Nikawaambia yote kuanzia mwaka wa themanini na sita, huku moto unawaka. Harufu ilijaa uwanja mzima, mahindi, mninga, mkate wa misheni. Nililia mbele yao na sikuona aibu niliyoitegemea.

Kila sahani ilibakiza maji kidogo ya rangi ya chai. Ya mwisho niliichovya kidole nikaiweka ulimini. Imepooza kabisa. Haina ukali, haina utamu, ni kama maji yaliyoloweka ubao. Nikasema kumbe hivi ndivyo anavyokula mdogo wangu kila siku, na anasifia.

Bwana Melkizedek nimemjibu hapana. Nimemwambia ulimi anaoutaka ninao, lakini ukija Mikumi utanibeba na mimi. Nimemwambia pia kwamba mama yetu, akitafuta mtu wa kumsaidia kuuza moshi, hakutazama pua yake. Alitafuta mtu ambaye ukimwuliza upi ni mkali na upi una maji, anakuambia kweli. Akitaka mtu wa namna hiyo anaye hapo hapo. Sijui kama atanielewa.

Najua nimekunyima kazi. Nimelia kwa hilo kuliko yote. Nikasirikie ukitaka, lakini uje.

Dada yako,
Paulina


Mikumi
6 Agosti 1994

Dada yangu,

Shikamoo.

Bwana Melkizedek aliisoma barua yako akiwa amesimama, kisha akakaa akaisoma tena. Akasema mama yetu angekuwa hai angemwajiri. Lakini kazi ni ya Jovin. Ameniomba maneno yako ya ile chupa ayaandike kwenye kadi na kuyaweka kaunta, nikamwambia yana mwenyewe, akuandikie. Nikamkumbusha autoe mkaratusi. Akacheka, nikaona meno yake mara ya pili.

Sijakasirika. Nimeitafuta hasira siioni. Nimechoka tu, kama mtu aliyetua mzigo na mabega bado yanauma.

Odilia nimemwambia. Alicheka kwanza, kumbe miezi yote hii alikuwa ananijaribu, mara anatia chumvi mara mbili, mara hatii kitunguu, na mimi nasema kitamu. Kisha akalia, tukalia wote. Sasa akipika ananieleza. Anasema, leo kitunguu kimekolea, leo binti yako ananuka maziwa. Mimi namsikiliza. Na kanisani nimesimama upya. Ushahidi wa dereva wa basi niliutoa wote, watu walicheka mpaka mchungaji.

Tunakuja Jumamosi ijayo kwa treni, na godoro kichwani kama nilivyosema. Nitakaa kwako mpaka nijenge, tulime.

Jambo moja tulielewane kabla sijafika. Agnesi ana pua yake, na atakunusa kutoka njia panda. Mimi sina. Tutakaa nyumba moja, tutakula sahani moja, na siku ukinywa mimi sitajua. Nimelifikiria sana hili njia nzima kuja hapa posta. Itabidi uniambie mwenyewe. Na ukiniambia hukunywa, nitakuamini.

Ni mimi mdogo wako,
Kornelio